Chokaa Kwanza, Meza Mwisho: Kazi za Nyumba Amu Kabla Shule Hazijafunguliwa

Likizo ndefu ya shule hapa Kenya huanza mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, ikaisha wiki ya kwanza ya Januari. Ni wiki tisa hivi. Kwa mwenye nyumba ya mawe Amu, yaani mji wa Lamu, wiki hizo hazifanani. Za mwanzo zina mvua za vuli, joto zito na ukuta usiokauka. Za mwisho upepo wa kaskazi umeshika, hewa ni kavu, na kilichopakwa asubuhi adhuhuri kimeshaguswa na mtu na hakikumchafua. Asiyeangalia tofauti hiyo hujikuta Januari watoto wamevaa sare mpya na vitanda vyao bado viko kiwandani, yaani uani, kwa sababu ukuta wa chumba chao unatoa jasho.

Familia nyingi huanza na kinachopendeza: rangi ya chumba, rafu, meza ya kusomea. Watoto ndio wanaoyataka hayo, na matokeo yake yanaonekana siku ile ile. Plasta iliyobanduka ukuta wa nyuma na tope lililolala chini ya tangi hukumbukwa Desemba imeshafika nusu. Sisi huenda kinyumenyume. Swali la kwanza la kila kazi ni itachukua muda gani kukauka. La pili ni kama inaihitaji mvua au inaiogopa. Nani ataifanya na itagharimu kiasi gani ni maswali yanayofuata, na mara nyingi hujijibu yenyewe.

Ukipanga hivyo, siku ya kwanza ya likizo ina kazi moja ambayo haionekani kabisa: kuloweka chokaa.

Kuta za nyumba za zamani Mkomani na Langoni ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na kupakwa chokaa. Jiwe hilo lina vinyweleo, na lina chumvi tangu lilikotoka. Unyevu wa ardhini hupanda ndani yake na kutokea kwenye uso wa ukuta. Chokaa huuacha upite. Plasta ya saruji huuzuia, na unyevu uliozuiwa haufi. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi yake hujikusanya nyuma ya saruji, ikawa fuwele, fuwele zikasukuma plasta mpaka ikaachana na jiwe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: palipoachana pana mlio wa utupu. Ndiyo sababu ukuta uliotiwa saruji mita moja kutoka chini huanza kubanduka mwaka mmoja au miwili baadaye pale juu ya ile mita. Mwenye nyumba huongeza saruji juu, na unyevu nao huzidi kupanda. Wapo mafundi wanaotia saruji "kidogo tu" ndani ya chokaa ili ishike haraka. Kwa ukuta wa tofali za saruji wa juzi hakuna neno. Kwa ukuta wa matumbawe sisi hatukubali, hata fundi akinuna.

Chokaa iliyochomwa kienyeji inahitaji muda wa kuloweka. Hata ikiwa imeshazimwa, yaani imetiwa majini ikachemka ikatulia, ndani yake hubaki punje ambazo hazikuzimika. Zikiingia ukutani hivyo, zitazimikia huko, zivimbe, na uso wa plasta ujae matundu kama ya ndui. Iloweke kwenye pipa la plastiki, maji yawe juu yake kwa sentimita 3 hivi, ufunike, uikoroge kila baada ya siku mbili tatu. Wiki tatu ndio uchache wake, na ikikaa zaidi ndivyo inavyozidi kulainika. Chokaa ya mfuko wa kilo 25 ya dukani huwa imezimwa kiwandani, na usiku mmoja waweza kuitosha, ingawa wiki moja huifanya ishike vizuri zaidi kwenye mwiko.

Kuizima chokaa ambayo bado haijazimwa si kazi ya watoto, na wala wasiwe karibu. Maji huchemka na kuruka. Chokaa ndiyo itiwayo majini, kidogo kidogo. Ukifanya kinyume, kumwaga maji juu ya lundo la chokaa, inalipuka usoni. Hata iliyozimwa hula ngozi na huunguza jicho. Kila anayeishika apake mafuta ya nazi mikononi kabla, avae miwani ya kazi, na pawepo ndoo ya maji safi kando isiyotumiwa kwa jambo lingine. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi mfululizo kwa dakika 20, kisha hospitali. Usitie siki wala ndimu.

Wakati chokaa inalala pipani, mchanga utafutwe. Vilima vya Shela viachwe vilivyo, kwa kuwa ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji ya visima vinavyonywesha mji. Mchanga wa ufukweni nao una chumvi, na ukiutumia utakuwa umeirudisha ukutani chumvi uliyokuwa unaikimbia. Nunua mchanga wa bara unaovushwa kutoka Mokowe, na bado uupime. Jaza chupa ya kioo nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi sehemu sita katika mia ya kimo cha mchanga, uoshe. Chumvi waweza kuionja kwa ulimi. Kazi ya chupa mpe mtoto wa darasa la tano na rula, aandike vipimo mwenyewe. Ataipenda kuliko hesabu za kitabuni.

Kiasi pia huhesabiwa kabla, maana kila mfuko wa ziada ni nauli ya mashua na ya punda. Ukuta wa mita 3 kwa mita 2.7 una mita za mraba 8.1. Mkono mmoja wa plasta, yaani tabaka moja, wa milimita 12 hapo unahitaji karibu lita 100 za mchanganyiko. Chokaa hujaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo ujazo wa mchanganyiko hukaribia ule wa mchanga peke yake. Ukiongeza cha kumwagika, ni madebe 6 ya lita 20 ya mchanga na madebe 2 ya chokaa iliyolowekwa, yaani moja kwa tatu. Mkono wa pili ni mwembamba, milimita 3 hadi 5, mchanga wake uwe umechekechwa kwa wavu wa mbu, moja kwa mbili.

Mizigo mizito agiza ukiwa umeangalia mwezi. Siku za bamvua maji hupwa mbali na chombo kilichojaa mchanga hukwama mpaka yajae tena, na wapagazi wanakungoja kwa saa zako. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na kupakua ni rahisi. Kutoka gatini ni punda na shogi, kikapu cha mizigo cha mgongoni, au mkokoteni pale njia inapouruhusu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unamtosha punda. Anayepakia mmoja kila upande anakuokolea safari moja kwa mgongo wa mnyama, na hilo ni la kumkataza waziwazi.

Sasa tangi, kwa kuwa wiki hiyo ya kwanza mvua za vuli bado zinakuja na utataka kuzikamata. Mvua kubwa ya Amu ni ya masika, Aprili hadi Juni, Mei ikiongoza. Vuli ni ndogo zaidi na haitabiriki. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 20 hupokea lita 1,200, na ukitoa robo au sehemu moja katika tano kwa kilichofyonzwa na kilichorushwa, lita 900 hadi 960 zinaingia. Tangi lililojaa tope wakati huo ni maji yaliyopotea, na mengine kama hayo huenda yasipatikane mpaka Aprili.

Toa maji yote, chota tope kwa kopo, sugua kuta na sakafu kwa brashi ngumu bila sabuni. Tangi la kuingia mtu lisiingiwe na mtu peke yake. Kifuniko kiwe wazi tangu jana yake, mtu wa pili abaki juu muda wote, na aliye ndani awe na kamba. Hewa ya chini ya tangi lililofungwa yaweza kumlevya mtu kabla hajajua. Ukitaka kujaza tangi maji ya dawa kama vitabu vinavyosema, ni lita 1.4 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000, yakae usiku kucha, kisha yamwagwe yote. Mahali ambapo maji matamu yanabebwa kwa madumu, huo ni ubadhirifu. Tia mililita 115 za dawa hiyo hiyo katika ndoo ya lita 20, lowesha kuta zote kwa brashi, ngoja nusu saa ukuta ukiwa bado majimaji, halafu suuza mara mbili. Dawa iwe ile isiyo na manukato na chupa iwe mpya, kwani joto letu huipunguza nguvu miezi michache tu baada ya kufunguliwa. Anayepaka awe na hewa ya kutosha, na dawa hiyo isikutane na tindikali ya kuoshea choo, maana mvuke wake ni sumu.

Birika la chooni, yaani tangi dogo la maji lililojengwa humo, ni jambo jingine. Nyumba nyingi bado zina samaki wadogo humo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na baadhi ya mabirika ya kale yana bakuli lililojengewa chini ili samaki wapate pa kukaa maji yakipungua. Kabla ya klorini, samaki wahamishwe kwenye ndoo ya maji yale yale waliyozoea, iwekwe kivulini. Warudishwe baada ya birika kusuuzwa, kujazwa na kukaa siku mbili wazi. Hii kazi haihitaji kumbembeleza mtoto yeyote.

Mabomba ya paani yawe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Yakiwa tambarare hubakiza maji, na mbu humaliza safari yake kutoka yai hadi bawa kwa wiki moja au zaidi kidogo. Maji ya kwanza ya mvua yamwagwe, maana yamebeba vumbi, mavi ya ndege na majani. Tumia nusu lita hadi lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani lita 30 hadi 60 kwa paa letu la mfano. Watu hufunga bomba la inchi 4 lililosimama wakadhani limetosha, kumbe kila mita yake hubeba lita 8 tu. Pipa dogo la lita 50 lenye bomba la kutolea chini ndilo linalofanya kazi hiyo. Maji ya kunywa yatiwe dawa tena dumuni: robo ya kijiko cha chai kwa lita 20, ukae nusu saa. Paa la makuti lisitegemewe kwa maji ya kunywa, hata yakionekana meupe.

Wiki ya tatu inapokwisha, chokaa iko tayari na mvua zinaanza kuachana. Ndipo plasta ianze. Bandua yote yenye mlio wa utupu mpaka ufike penye jiwe lililoshika, na uende angalau kiganja kimoja zaidi ya pale ulipodhani pameisha. Chumvi nyeupe iliyotokeza ipigwe brashi ikiwa kavu na kuzolewa kwenye karatasi. Ukiiosha unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Jioni ya kuamkia kazi, lowesha ukuta kwa maji matamu, na asubuhi tena, mpaka jiwe liache kunywa. Jiwe kavu hunyonya maji ya plasta kabla haijashika, nayo hubaki unga.

Saa za kazi ni baada ya alfajiri hadi saa nne, na tena baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Mchana kati haifai. Mkono wa kwanza usizidi milimita 12. Kwenye shimo kubwa tia vipande vya jiwe ndani ya chokaa, usijaze kwa plasta tupu, kwa sababu plasta nene hukauka juu tu na kupasuka. Ukianza kukaza, usugue kwa ubao ili nyufa ndogo zifunge, halafu uukwaruze mistari ili mkono wa pili upate pa kushikia. Unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku nne tano, na mlango unaoelekea upepo utundikwe gunia lililoloweshwa. Kazi hii ya bomba la kunyunyizia na gunia ndiyo ya wadogo, na wasiipuuze, kwani chokaa haishiki kwa kukauka. Hushika kwa kuvuta hewa ukaa taratibu ikiwa na unyevu kiasi. Plasta iliyokaushwa na kaskazi kwa siku moja husuguliwa kwa kidole ikaanguka.

Kati ya mkono wa kwanza na wa pili acha siku saba hadi kumi. Watu hushindwa kustahimili hapo, kwa sababu kalenda inaonyesha mwanzo wa Desemba na chumba kinaonekana kimekufa. Hapo ndipo zipelekwe kazi zisizotegemea chumba: madirisha, nyavu, makuti. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zenye nakshi zisiguswe na mtu wa nyumbani hata kidogo. Nakshi ya chokaa ni kazi ya fundi wake, na kovu la mwiko halifichiki.

Kazi yoyote inayogusa sura ya nje, iwe mlango, dirisha, daka (kibaraza cha mlangoni) au kimo cha paa, iulizwe kwanza kwa ofisi ya uhifadhi ya mji chini ya Makumbusho ya Taifa. Mji wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 ina meno. Kibali hakitoki kwa siku mbili, kwa hiyo barua ipelekwe kabla likizo haijaanza.

Sare zishonwe mapema. Cherehani zote za mji zina foleni wiki ya mwisho ya Desemba, na aliyechelewa hupewa suruali yenye mguu mmoja mrefu. Wiki ya pili ya Novemba kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi kabla hakijakatwa, kisije kurudi na kubana mwilini baadaye. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, basi pindo liachwe sentimita 6 na kiunoni mbili kila upande. Kanzu na mabuibui ya madrasa yapelekwe safari hiyo hiyo.

Makuti, kwa wenye kibanda juu ya dari: maji yanaingia juu zaidi ya pale yanapodondokea, kwa hiyo usishindilie kuti jipya kwenye tone. Fungua kutoka kipeoni kushuka mpaka upapate palipooza. Safu ya kwanza ya ukingoni iwe maradufu, safu zinazofuata zipishane kwa sentimita 10 hadi 12, na mteremko usipungue nyuzi 45. Paa la kulala huoza mapema kwa kuwa maji hayaharakishi kushuka. Funga kwa kamba ya usumba. Desemba ni wakati mzuri wa kazi hii na ni wakati mbaya wa moto: hewa kavu, upepo, na vichochoro visivyopitisha gari lolote. Mapipa mawili ya maji na ndoo yakae juu hapo muda wote wa kaskazi, na jiko la mkaa lishuke chini.

Rangi ya chokaa hupakwa wiki moja au zaidi baada ya mkono wa pili, karibu na katikati ya Desemba. Rangi ya plastiki ya dukani isiguse ukuta huo kabla ya miezi kadhaa, na kwa maoni yetu isiuguse kabisa, kwa sababu huziba kama saruji. Chukua chokaa ile ile ya pipani, ichuje kwa kitambaa cha kanga kuukuu, iongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta uloweshwe kidogo. Mikono mitatu myembamba, kila mmoja siku yake, na usishtuke ukuta ukionekana haujapakwa kitu: weupe hujitokeza chokaa inapokauka. Anayepaka mzito ili amalize kwa siku moja ataona magamba kabla ya Idi. Mapishi mengi huongeza chumvi ili rangi ishike. Kwa ukuta wa bara sawa, kwa wetu wenye chumvi ya kutosha tangu alipoujenga mwenye kuujenga, chumvi ya ziada huvuta unyevu wa hewa na ukuta huloa kila usiku. Rangi ya unga ya asili, nyekundu au manjano, isizidi sehemu moja katika kumi ya chokaa kwa uzito.

Meza ya kusomea imebaki mwisho kwa makusudi. Mbao za mwembe ni za bei nafuu, lakini fukusi, wadudu watoboao mbao, wanaipenda sehemu yake ya nje yenye weupe, kwa hiyo ikatwe na kutupwa. Ubao wa milimita 25 uliopasuliwa juzi huhitaji miezi kadhaa kivulini kabla haujatulia. Ukiutengenezea meza Novemba, Machi uso wake umepinda. Mlango wa zamani au fremu ya kitanda kilichovunjika ni mbao iliyokwisha kukauka zamani, na mara nyingi ni mti bora kuliko uuzwao leo. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 120 hadi 140 anahitaji kiti cha sentimita 35 na meza ya 59. Wa 133 hadi 159, kiti 38 na meza 64. Watakaotumia meza moja na vimo vyao havilingani, ipimwe kwa mkubwa, na mdogo awekewe kiti cha juu na ubao wa kukanyagia miguu. Miguu inayoning'inia humfanya asikae robo saa, na wazazi hudhani ni uvivu.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Za kawaida hutoa machozi mekundu mbaoni ndani ya mwaka. Piga msasa namba 120, kisha 220. Kabla ya vanishi pangusa mbao kwa kitambaa chenye maji matamu na uiache ikauke, kwa sababu upepo wa bahari huacha utando wa chumvi na vanishi haishiki juu yake. Tia mikono miwili au mitatu, saa 24 katikati, ndani ya chumba na si kiwandani ambako kaskazi inarusha vumbi. Harufu ipewe wiki moja kabla mtoto hajainamia hapo. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua, mkono wa mwisho hauwezi kupita Desemba 27 hivi. Mafuta ya sifa, yaani ya samaki, yanayopakwa vyombo vya baharini yana sifa zake, lakini meza ya kusomea si chombo, na harufu yake haina wiki moja wala kumi.

Baada ya Desemba 15 sisi hatufungui kazi mpya. Ukuta ulioonekana na ufa siku hiyo hupigwa picha, hupimwa, na huachwa.

Boriti ndiyo kazi ambayo watu huishurutisha ndani ya likizo hii na haitoshei. Huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, si katikati. Toboa kwa kisu kidogo karibu na ukuta: ikizama bila kupingwa, ncha imekwenda. Unga mlaini sakafuni ni fukusi, na vijia vya udongo ukutani ni mchwa. Kubadilisha boriti kunataka mihimili ya kushikilia dari pande zote mbili, moja itolewe kwa wakati, na chokaa inayozunguka ncha mpya ipate wiki kadhaa bila mzigo. Hiyo ni kazi ya Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha, na ni ya fundi. La kufanya sasa ni kununua tu. Boriti ya kipenyo cha sentimita 11 hadi 14, iliyonyooka, kutoka kwa muuzaji mwenye kibali cha Huduma ya Misitu, na urefu wake uwe upana wa chumba pamoja na sentimita 15 za kuingia ukutani kila upande. Ibanduliwe ganda ikiwa mbichi, kisha ilazwe mahali penye kivuli na hewa, juu ya vipande vitatu vya mbao vilivyo sawa kimo, mbali na ukuta wenye mchwa. Isiegemezwe ikisimama, maana ikikaukia hapo itabaki na mgongo. Igeuzwe robo duru kila mwezi, na upande wenye ufa mkubwa utiwe alama ya mkaa ili fundi aujue Agosti.